Majina Tuliyoyafunga kwenye Teki

Siku ile barazani kwangu tulikuwa wanne, ukimtoa mtoto aliyekuwa anachezea vipande vya ukindu. Nilikuwepo mimi mwenye nyumba. Alikuwepo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, yule aliyeolewa kijiji cha Kanga, ila mjukuu nimemlea mimi hapa Miburani. Alikuwepo shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Na alikuwepo jirani yangu wa mlango kwa mlango, ambaye mimi na yeye tunaitana somo kwa kuwa jina letu ni moja. Juu ya hilo, mama yake alininyonyesha mama yangu alipougua, kwa hiyo ni ndugu yangu wa kunyonya. Mtoto mwenyewe ni wa mjukuu wangu, msichana wa miaka minne, kitukuu wangu wa kwanza.

Majina yao ninayo yote. Ninayo majina ya watu wa Miburani na ya watu wa kisiwa cha Juani nilikozaliwa, nani mtoto wa nani, nani alimwacha nani, nani alimnyonyesha nani. Watu wakitaka kuozesha huja kwangu kwanza, wakae, wanywe maji, ndipo waulize kama kijana na binti hawakunyonya kwa mama mmoja. Sikusoma, niliishia darasa la pili na chuo cha Kurani kwa maalim, lakini hapo sijawahi kumpoteza mtu. Humu hata hivyo sitaandika jina hata moja, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Mjukuu wangu alikuwa ameachwa. Mumewe alikuwa mvuvi wa kuja, wa kambi za dagaa, na msimu ulipokwisha alirudi kwao bara na talaka ikaja nyuma. Si mtu mbaya. Alikuwa anauliza habari za mtoto kila Ijumaa. Ila mwaka ule alisema neno moja kwenye simu, na mimi nililisikia kwa kuwa ile simu ilikuwa kwenye spika: kama mama mtoto hana kazi mpaka shule zitakapofunguliwa, atakuja amchukue mtoto, akalelewe kwa mama yake.

Mwani aliokuwa akilima baharini ulikuwa umeoza misimu miwili, kamba zinatoka majini na uteute mweupe, na mjukuu wangu hakuwa na kazi nyingine. Ndipo tukasikia nyumba moja ya wageni, upande wa ghuba ya Chole, inatafuta mwanamke wa kuwatembeza wageni Juani, awaonyeshe magofu ya Kua na mashamba na jinsi watu wanavyoishi. Juani anaijua kama kiganja chake, nimempeleka kwa ndugu zangu tangu anabebwa. Kilichobaki kilikuwa Kiingereza.

Na kwenye Kiingereza alikuwa ameshaumwa. Mwaka uliotangulia alikwenda kuulizwa maswali ya kazi mahali pengine, na mzungu mmoja kwa upole kabisa akamwambia, "Teki a siti." Yeye alijua teki ni kuchukua. Akakichukua kiti, akasimama nacho mikononi akingoja aambiwe akipeleke wapi. Ile kazi hakuipata, na kwa muda mrefu hakutaka kusikia lugha hiyo.

Kwa sababu hiyo shemeji alipokubali kumfundisha, alianza na neno hilohilo. Alikuwa anakuja kila siku baada ya sala ya alasiri na daftari lake, anakaa kwenye kibao, na sisi wanawake mkekani tunasuka ukili wa mikeka.

"Shemeji," nikamuuliza siku ya kwanza, "hilo neno lina maana ngapi?"

"Nimejaza kurasa tatu na sijamaliza."

"Waingereza hawana maneno mengine?"

"Wanayo. Wewe je, shemeji? Asubuhi umepiga pasi, umepiga deki, somo yako kaja kapiga hodi, mtoto anapiga kelele, na mimi nilipoingia ulikuwa unapiga soga. Nani kapigwa?"

"Aliyepigwa ni somo yangu," akasema jirani, na tukacheka sote.

Basi akaanza kusoma. Teki ni kuchukua, lakini teki a siti ni kukaa. Teki a picha ni kupiga picha, hapo wao wanachukua na sisi tunapiga. Teki dawa ni kunywa dawa. Teki pleis ni jambo kufanyika. Teki yo taim ni usiharakishe. Mjukuu wangu akawa anaandika na kurudia, anaandika na kurudia, na kesho yake shemeji alipomuuliza, kichwani hakuna kitu. Siku ya tatu vilevile. Akaweka kalamu chini.

"Babu, yanafanana yote. Nikishika hili, lile linatoka."

Shemeji alianza kukasirika, nilimwona kwa jinsi alivyokuwa anafuta miwani. Nikasema, "Mke mwenzangu, hebu njoo hapa." Mimi na yeye tunataniana hivyo, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana huku kwetu. "Unajua kwa nini mimi sisahau?"

"Kwa kuwa huna kazi nyingine."

"Kwa kuwa kila kitu nakifunga kwa mtu. Mwaka wa njaa siujui kwa tarehe, naujua kwa aliyezaliwa. Hilo teki lako ukiliacha lenyewe litapeperuka. Lipe watu."

Shemeji akasema kule chuo cha ualimu hawakufundishwa hivyo. Jirani akamwambia, "Mwalimu, siku tatu umefundisha ulivyofundishwa." Akafungua daftari.

Kuanzia hapo ikawa hivi: shemeji anataja maana, mimi natoa mtu. Teki of, akasema, ni ndege kupaa, tena ni kuvua nguo. Palepale nikamkumbuka mzee mmoja aliyekuwa na shamba karibu na uwanja wa ndege. Kila ndege ikipaa alisimama wima akavua kofia, akaishika kifuani mpaka ndege isionekane, kama anamsindikiza ndugu. Ndege inateki of, na mzee anateki of kofia. Mjukuu wangu alicheka, na hakulisahau tena. Teki yo taim tukalifunga kwa shangazi mmoja aliyekuwa akianza kujifunga buibui adhana ya adhuhuri, na harusi nzima inamngoja mpaka alasiri. Teki pleis tukaifunga kwa ndoa ya jirani, iliyofanyika mvua inanyesha ndani ya nyumba kwa kuwa paa lilikuwa halijaezekwa upande mmoja.

"Hilo nalo mwataka wazungu wajue," akasema jirani.

"Teki afta," akasoma shemeji. "Mtoto kufuata sura au tabia za mzazi wake."

"Hapo hatuhitaji mtu wa mbali," nikasema. "Kwa uvivu huu, mke mwenzangu, umemteki afta nani?"

"Wewe, bibi. Pua nimepewa na mama, uvivu nimetoa kwako."

Teki kea nililichagulia mwenyewe, na hapo sikuwa natania. Shemeji alisema ni jitunze, maneno ya kuagana. Siku niliyoletwa Miburani kuolewa, mama alinisindikiza mpaka ufukweni Juani, akaingia majini mpaka magotini akanishika vazi langu. Hakulia. Alisema tu, jitunze, na akalirekebisha lile vazi lisilowe. Mjukuu wangu aliandika teki kea na mbele yake akaandika jina la mama yangu. Kitukuu naye akalidaka, akawa analisema kutwa nzima kwa kuku.

Siku iliyofuata ikafika zamu ya teki ova.

"Kushika kitu au kazi iliyokuwa mkononi mwa mwingine," akasema shemeji. "Nahodha amechoka, mwenziwe anashika usukani. Hiyo ni teki ova."

Mimi sikungoja amalize. Nikataja jina la mtu mmoja wa hapahapa, na jina la baba yake, kwa kuwa mimi mtu simtaji nusu. Nikasema, "Kaka yake alipolala na maradhi ya miguu, yeye aliichukua mashua ya kaka yake, na kwa mwenyewe haikurudi mpaka kaka amekufa. Hiyo ndiyo teki ova."

Jirani akashusha ukili wake. "Somo, huyo mtu ni marehemu."

"Simsengenyi. Natoa mfano."

"Mfano nao unasikika."

"Kwani uongo? Mashua haikuwa ya kaka yake?"

"Ilikuwa ya kaka yake," akasema jirani taratibu. "Mengine mimi siyajui."

Shemeji alikuwa na kalamu juu ya karatasi. Aliniangalia, akamwangalia mjukuu, kisha akaandika. Baadaye aliniambia kwamba aliona si vizuri, lakini siku za kufika usaili wa ile nyumba ya wageni zilikuwa zimebaki chache na mjukuu alikuwa ameshika somo. Kweli alikuwa ameshika. Yale mengine tuliyarudia mara mbili mara tatu, lile halikurudiwa.

Siku ya usaili aliondoka asubuhi na bodaboda, amevaa buibui jipya la jirani. Mimi nikakaa na mtoto. Kutwa nzima nikasuka ukili, na nilipoutazama jioni niliona nimeruka misuko, ikabidi nifumue.

Alirudi baada ya alasiri. Hakuingia ndani, alikaa ukingoni mwa baraza na viatu miguuni. Jirani alikuwa ameshafika, na shemeji alikuwa anakuja njiani.

"Umekaa?" nikamuuliza. "Walipokwambia teki a siti?"

"Nimekaa, bibi."

"Alhamdulillahi. Sasa mbona uso huo?"

"Nimeharibu."

Tukamwacha anywe maji, kisha akatueleza. Walikuwa wawili. Mmoja mama msimamizi, mtu wa bara, na mwingine mwanamume wa makamo, mkuu wa watembeza wageni, mzaliwa wa kisiwa hiki. Huyu alijitaja kwa jina lake moja tu. Walimuuliza habari za Juani akajibu vizuri, na Kiingereza kilikuwa kinatoka. Kisha yule mwanamume akamwambia, tuseme uko Kua na wageni, mmoja amezidiwa na jua, inabidi umrudishe mashuani, na mwenzako anateki ova kundi lako. Maana yake nini? Nipe mfano wa mambo ya nyumbani kwenu.

"Mdomo ulikwenda wenyewe, bibi. Nikasema fulani bin fulani aliteki ova mashua ya kaka yake alipokuwa mgonjwa, na hakuirudisha."

"Ukalitaja jina?"

"Kama ulivyonipa. Lake na la baba yake."

"Halafu?"

"Akaweka kalamu. Akasema kwa Kiswahili, huyo ni baba yangu."

Jirani akasema, "Laa ilaaha illallah," kwa sauti ndogo, na akaendelea kuangalia mikono yake.

Nikamwambia mjukuu wangu anitajie tena jina la yule mwanamume. Aliponitajia nikamjua mara moja. Nilikuwa nalo jina lake tangu siku aliyozaliwa. Alilelewa Kanga kwa wajomba zake, huku Miburani hakukua, ndiyo maana mjukuu wangu hakumjua kwa sura wala mimi nisingemjua. Lau angenitajia kabla ya kwenda, ningemwambia. Lakini hakuna aliyejua ni nani atakayeuliza.

"Ukasemaje?" akauliza shemeji, ambaye sasa alikuwa amefika na kusimama na daftari kwapani.

"Sikuwahi. Yule mama aliuliza kwa Kiingereza kama jibu ni sahihi. Yule mwanamume akamwambia sentensi ni sahihi. Halafu akasema, habari si sahihi. Wakaniambia nitapigiwa simu."

Mtoto alikuwa amemlalia mama yake mapajani. Hakuna aliyemtaja mtoto, na sote tulikuwa tunamwangalia yeye.

Nitasema kweli, jambo la kwanza lililonijia halikuwa majuto. Nilisema moyoni, mtoto lazima amtetee baba yake. Nikasema na kwa mdomo pia: "Mimi sikosei watu." Jirani alikunja ukili wake akaenda kwake, na tangu tuwe jirani sikumbuki siku nyingine aliyoondoka bila kuniaga.

Siku ya pili yake, saa za asubuhi, nikasikia hodi.

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimjua kabla hajajitaja. Alikuwa amemfuata baba yake mabega na namna ya kusimama, mguu mmoja mbele. Nilimkaribisha mkekani, nikamletea maji. Mjukuu wangu alikuwa kisimani. Mtoto alikuja akachukua kandambili za mgeni akazivaa, akawa anatembea nazo uani, na mgeni akamwacha.

"Mama, sikuja kugomba," akasema.

"Hata ukigomba una haki."

"Sina haja. Nimekuja kukuuliza jambo moja, kwa kuwa watu wote wanasema wewe husahau majina. Ile mashua iliitwaje?"

Nikalitaja jina la mashua.

"Ni jina la nani hilo?"

"La binti wa baba yako mkubwa. Mtoto wake wa pekee."

"Baba yangu alikaa nayo mpaka ikaoza. Ilipoozea pale mchangani, ubavuni palikuwa pameandikwa jina gani?"

Nikaiona. Niliiona mashua ile imelala ubavu, mbao zimeachana, kuku wa watu wanaingia kutagia ndani yake, na herufi za bluu zilizokuwa zinapakwa rangi upya kila mwaka.

"Lile lile," nikasema.

Watu wetu, mtu akipata chombo kikawa chake, la kwanza ni kubadili jina. Hukipa la mama yake, au la mkewe, au neno la kuwakera mahasidi. Mimi nilikuwa nalijua jina la ile mashua miaka yote ile, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu apake rangi kila mwaka jina la mtoto wa mwenziwe.

Kisha akanieleza. Kaka mtu ndiye aliyemwita mdogo wake. Alimwambia mashua isikae juu ikakauka na kupasuka, afanye nayo kazi, na fungu la nyumba yake liende nyumbani kwake kila siku itakayotoka baharini. Ila lisipitie mbele, mkewe asionekane anapelekewa samaki kama mtu wa kuhurumiwa. Na baba yake alifanya hivyo, kaka akiwa hai na baada ya kufa, mpaka yule binti alipoolewa.

Aliposema lisipitie mbele, niliinamisha uso. Kwa kuwa nilikuwa nimemwona. Si mara moja. Nilikuwa namwona akipita nyuma kwenye minazi na kikapu kimefunikwa majani, anaelekea nyumba ya mjane wa kaka yake, na nilikuwa nimeshakipa kikapu kile habari yangu mwenyewe. Sitaandika ni habari gani wala nilimwambia nani.

"Mwanangu," nikamwambia, "nimemkosea baba yako, na nimekukosea wewe. Naomba radhi."

"Mimi nimekusamehe, mama. Lakini hukulisema mbele yangu."

Alikuwa sawa. Huku kwetu mtu ukimsema mbele ya watu, radhi ya faragha haitoshi. Unakaa palepale, mbele ya walewale, unasema ulivyosema na unasema ulivyokosea. Nimewahi kuwaambia hivyo watu wengi waliokuja kugombana barazani kwangu, na kwangu hilo halikuwa limewahi kufika.

"Nitafanya," nikasema.

Akanyanyuka. Mtoto alimrudishia kandambili, moja moja. Mgeni akamuuliza jina lake, mtoto akamtajia, kisha akamwambia, "Teki kea."

Mgeni alitabasamu kidogo. Nami hapo ulimi uliniwasha. Nilitaka kumuuliza, vipi ile kazi? Neno lilikuwa limeshafika menoni. Lakini nilijua nikiuliza, ile radhi niliyoahidi itakuwa nimeitoa ili nipewe kitu, na yeye atakwenda zake akijua hivyo. Nikaligeuza. Nikamwambia amsalimie mama yake Kanga, akaondoka.

Mjukuu wangu aliporudi na ndoo nikamwambia aliyekuja.

"Umemuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Bibi."

"Sikumuuliza, mke mwenzangu. Na kama umenuna, nuna."

Alinuna. Alichota maji safari tatu bila kusema na mimi, na mapipa yalikuwa yameshajaa.

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, niliwaita walewale. Shemeji kwenye kibao, jirani mkekani, mjukuu na mtoto. Jirani nilimfuata mwenyewe kwake, kwa kuwa tangu siku ile tulikuwa tunasalimiana tu. Nilianza tangu mwanzo. Nikalitaja jina la marehemu na la baba yake. Nikasema, siku ile nilisema aliichukua mashua ya kaka yake haikurudi. Nikasema, nilikosea. Nikawaeleza jina la mashua, nikawaeleza rangi, nikawaeleza kikapu na pale nyuma kwenye minazi. Kwenye kikapu nilikohoa, nikaendelea.

Nilipomaliza, jirani alisema, "Mwalimu, andika. Leo somo yangu amesema amekosea."

"Nimeandika," akasema shemeji.

"Na saa uiandike."

Basi nikajua tumerudi kuwa sawa. Shemeji alikuwa amefungua ukurasa ule, anataka kulikata jina. Alisema Waingereza wanalo hata hilo: mtu akirudisha maneno aliyoyasema, wanaita teki bak, anayachukua tena maneno yake.

"Akishayachukua anayaweka wapi?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Hilo kitabu hakisemi."

"Sasa kwenye teki ova tumweke nani?" akauliza mjukuu wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza nami tangu alipochota maji.

"Mwache palepale," nikasema. "Usimtoe. Habari ndiyo uibadilishe. Sema alishika kilichokuwa mkononi mwa kaka yake, akakishika kwa ajili ya wa kaka yake."

Shemeji alimtafutia maneno yake kwa Kiingereza, sentensi ndefu kuliko ya kwanza. Aliirudia mara nyingi kabla ya kuishika.

Simu ilikuja Jumatatu tukiwa tunachambua mchele. Alikuwa yule mama msimamizi. Mjukuu wangu alisimama kana kwamba mama yule anamwona, akawa anasema yesi, yesi, senkyu, na mwisho akasema kwa Kiswahili, "Nimeelewa, mama." Akakata simu akakaa chini juu ya ungo wa mchele. Miezi mitatu ya kujaribiwa, kisha kama inafaa, kazi kamili.

"Wamesema lini wameamua?" nikamuuliza.

"Amesema waliamua siku ileile ya usaili. Simu yao ndiyo ilikuwa mbovu."

Nilimwangalia, naye akaniangalia, tukaanza kuokota mchele.

Jioni yake alimpigia baba mtoto. Spika ilikuwa wazi tena, nilisikia. Baba mtoto akasema, "Basi akae. Likizo mniletee nimwone." Mjukuu wangu akasema tutamleta. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala, hakujua kwamba kulikuwa na safari na kwamba imekwisha.

Sasa anakwenda Juani siku nne kwa wiki. Asubuhi akitoka anamwambia mtoto teki kea, na mtoto akienda shule ananiambia mimi. Mkuu wake amempa sharti moja la kazi, ambalo aliniletea mimi kama salamu: kule Kua, linalojulikana aseme linajulikana, na lililosikiwa aseme limesikiwa. Wageni wakitaka majina ya waliokaa kwenye zile nyumba, yeye huja kuniuliza mimi kwanza. Nampa ninayoyajua. Halafu namwambia, mke mwenzangu, jina ndilo hilo, habari yake waulize na wengine.

Kwa hiyo humu majina sikuyaandika, ingawa ninayo yote, hata la mashua. Haya niliyoyasema ndivyo nilivyoyashika. Kama ulikuwepo, au mzee wako alikuwepo siku zile mashua ikiwa bado inakwenda baharini, na umeona mahali nimepinda, njoo Miburani, uulize kwa mama asiyesahau watu, utaonyeshwa. Piga hodi. Jirani yupo na shemeji yupo, nitawaita wote wakae, unisahihishe mbele yao.